Stoke Wethers Si Pabaya

Katika kaunti nzima ya Herefordshire, kuanzia mpaka wa Wales hadi vilima vya Malvern, kuna mtu mmoja tu asiyependa kuishi hapa, na mtu huyo ni mimi. Sijawahi kulificha jambo hili. Muulize yeyote pale baa. Nimelisema nikiwa sijanywa kitu, na nimelisema nikiwa na glasi ya tatu ya pombe ya matofaa, na maneno hayakubadilika: mwezi wa tisa naondoka, naenda Bristol kuuza simu dukani, mahali penye taa za barabarani na basi linalopita zaidi ya mara moja kwa wiki. Nikishavuka mto Wye, mnisahau.

Hapa kijijini Stoke Wethers wananiita Ned. Jina la ukoo ni Skyrme, na usihangaike kulitamka, hata mwalimu wangu wa darasa alikata tamaa. Naishi na Bibi Olwen, mama yake baba, katika nyumba ya mawe iliyo chini ya kanisa. Dari yake iko chini sana. Nadhani niliacha kurefuka kwa adabu tu. Msimu wa matofaa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua, na msimu ukiisha nafanya chochote nitakachoambiwa na mtu yeyote mwenye trekta.

Mwaka huu, mara tu baada ya sikukuu ya mwaka mpya, Daktari Bufton alitangaza kwamba anastaafu. Ni yeye aliyempokea baba yangu duniani, na karibu kila mtu hapa ana kovu lililoshonwa na mkono wake. Sasa alitaka kwenda kuvua samaki kabla mikono haijaanza kutetemeka kuliko kamba ya ndoano. Sawa, ni haki yake. Tatizo ni kwamba wakubwa wa afya walisema hivi: akipatikana daktari mwingine wa kuja kukaa Stoke Wethers, zahanati itabaki. Asipopatikana kufikia Pasaka, inafungwa, na wagonjwa wote wataenda Leominster.

Kwa mtu mwenye mafua, Leominster si mbali. Kwa Bibi ni mbali. Bibi ana moyo unaopiga ukijisikia kupiga, na mguu wenye kidonda ambacho nesi hukifunga kila baada ya siku chache. Kutoka mlangoni kwetu hadi zahanati anakwenda kwa fimbo, anapumzika kwenye ukuta wa kanisa, anawasengenya watu wawili watatu, anafika. Shangazi Denise, binti yake anayekaa Wolverhampton, alikuwa ameukubali mpango huo shingo upande. Aliposikia habari za Daktari Bufton akapiga simu siku hiyohiyo.

"Mama, zahanati ikifungwa unahamia kwangu. Sitaki ubishi. Chumba kiko tayari."

"Chumba hicho kinatazama wapi?" Bibi akauliza.

"Kinatazama maegesho ya magari. Kizuri tu, kina mwanga."

Bibi akairudisha simu mahali pake polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu akatoka nje, akasimama bustanini kwenye mvua akiangalia kabichi zake. Bibi yangu si mtu wa kusimama kwenye mvua bila sababu.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Daktari akipatikana, Bibi anabaki nyumbani kwake. Asipopatikana, Bibi anakwenda kutazama magari ya watu mpaka siku zake ziishe. Mimi nilisema pale baa kwamba hata Wolverhampton ni nafuu kuliko hapa, angalau kuna duka la kuku wa kukaanga. Kwa kawaida watu hucheka nikisema mambo kama hayo. Siku hiyo walikohoa tu.

Tangazo la kazi lilitolewa, na daktari aliyejitokeza alikuwa mmoja. Daktari Meera Solanki, wa Leicester. Alimpigia simu Bi. Hester Probert akasema angependa kuja Jumamosi moja, azunguke, azungumze na watu, na ana swali moja tu la kuwauliza: kwa nini wanapenda kuishi hapa.

Swali hilo lilimtia Bi. Hester homa. Bi. Hester ni mwenyekiti wa baraza la kijiji, mwenyekiti wa maonyesho ya maua, na mwenyekiti wa chochote kingine chenye viti. Akatuita wote ukumbini.

"Jumamosi nataka kusikia sifa," alisema. "Mnanielewa? Sifa! Mtu akiulizwa anapendea nini hapa, ajibu."

Tukatazamana. Mvua ikapiga paa.

"Ajibu nini?" akauliza Gareth Preece, mfugaji wa kondoo.

"Ajibu ukweli, Bwana Preece. Kwamba anapapenda."

"Aah," akasema Preece, kwa sauti ya mtu aliyeombwa avue suruali mbele ya kwaya.

Inabidi nieleze kidogo, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mtu hasifu kilicho chake. Ukimsifu ng'ombe wako, watu wanajua unataka kumuuza. Ukimsifu mtoto wako, watu wanajua kuna dirisha la mtu amelivunja. Ukisema nyumba yako ni nzuri, watakutazama mpaka uongeze kwamba inavuja. Sifa kubwa kuliko zote ninayoijua ni "si mbaya". Hiyo hupewa bwana harusi, mavuno yote ya mwaka uliopita, na mahubiri ya askofu. Ukizidisha hapo, watu wanaanza kukushuku kwamba una homa au unagombea udiwani.

"Halafu nani atamzungusha?" Bi. Hester akauliza. "Anakuja kwa treni. Atachukuliwa Leominster na kurudishwa."

"Ned hana kazi," sauti kadhaa zikasema.

Bi. Hester akanitazama kama unavyoutazama unyayo wa kiatu baada ya kupita zizini. "Ned anapachukia hapa."

"Ndiyo," nikasema, "na nitamwambia."

"Hutamwambia kitu," Bibi akasema bila hata kugeuka. "Utaendesha gari, utafunga mdomo, na utavaa shati lenye vifungo."

"Nikifunga mdomo nitapumua wapi, Bibi?"

"Pua si unayo? Tena kubwa, ya babu yako."

Wakacheka wote, na kazi ikawa yangu.

Jumamosi yenyewe iliangukia katikati ya mwezi wa pili, wakati Herefordshire inapokuwa na sura mbaya kuliko zote. Miti ya matofaa haina jani. Tope limefika kwenye vizingiti. Mto Lugg ulikuwa umetoka kitandani mwake ukaingia mashambani, ukakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Daktari Solanki alishuka kwenye treni na koti jekundu na viatu vya mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye macho ya haraka. Aliliona gari la Bibi, akaona nywele za mbwa kwenye kiti, akaketi juu yake bila kusema neno. Nikampa alama moja.

Njiani kila dereva tuliyepishana naye aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

"Wananionya?" akauliza.

"Wanakusalimu."

"Kwa kidole kimoja?"

"Vidole viwili ni kwa ndugu wa damu," nikasema. "Mkono mzima ujue gari lako linawaka moto."

Barabara za kwetu ni nyembamba, zina ua wa miti pande zote mbili, na gari mbili hazipiti. Mkikutana, aliye karibu na nafasi ya kupishania ndiye anayerudi rivasi. Hiyo ni sheria, na watu wameshawahi kununiana miaka kwa ajili yake. Karibu na kijiji tukakutana na trekta la Preece. Nafasi ilikuwa nyuma yetu, hatua chache tu. Kabla sijaweka gia, Daktari Solanki akateremsha kioo na Preece akazima injini ili waongee.

"Bwana, naweza kukuuliza? Wewe unapendea nini kuishi hapa?"

Preece akatazama mbinguni. Akatazama trekta. Akamtazama mbwa wake ili amsaidie.

"Mvua haiishi," akasema mwishowe. "Barabara ni mashimo matupu. Mwaka jana kondoo walioza kwato. Simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya trela, tena usimamie mguu mmoja."

"Lakini unapapenda?"

"Nimezaliwa pale," akasema akionyesha bomba la moshi nyuma ya miti, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Sijawahi kukaa nikafikiria."

Uso ulikuwa umemwiva. Akawasha trekta, na badala ya kusubiri sisi turudi, akarudi rivasi yeye, na trela nyuma yake, akapinda kona mbili mpaka langoni kwake ili tupite. Daktari akaandika kitu kwenye simu yake. Sikuchungulia, lakini sikudhani ni sifa.

Ukumbini walikuwa wameandaa chai. Keki, skonzi, jamu ya plamu ya aina ambayo Bi. Hester hufungua kwa ajili ya majaji tu. Watu walikuwa wamevaa vizuri na wamejipanga ukutani kama wanaosubiri kuchanjwa. Daktari alikwenda kwa mmoja mmoja, kikombe mkononi, na swali lake.

Clive, mwenye baa, akamwambia wateja wamepungua na vijana hawajui kunywa. Mama mmoja wa nyumba za juu akamwambia umeme unakatika kila upepo ukipiga chafya.

"Na ukikatika mnafanyaje?"

"Tunakwenda kwa jirani mwenye jiko la kuni. Sote, na mifarishi yetu. Watoto wanalala sakafuni kama samaki, wazee wanaimba, kelele mpaka asubuhi. Ni kero tupu, Daktari." Akasema hivyo huku macho yakimng'aa, lakini Daktari alikuwa ameinamia kikombe chake.

Mpiga kinanda wa kanisa akaongelea paa. Mtu mwingine akaongelea fuko waliomchimbia bustani. Nilikuwa nimesimama karibu na skonzi nikihesabu malalamiko kwa furaha, na sikuwa hata nimefungua mdomo. Nilijiambia: jamani, hata sihitaji kufanya kazi, wananifanyia wenyewe.

Bi. Hester aliona mambo yanakwenda mrama akapanda jukwaani. Akapiga kijiko kwenye kikombe.

"Daktari Solanki," akaanza, "Stoke Wethers ni…"

Akasimama. Nilimwona akilitafuta neno. Lilikuwa limo, ungeweza kuliona likimpanda kooni, lakini shingo ikawa nyekundu, kisha masikio, na neno likashuka tena lilikotoka.

"Ni kijiji," akasema. "Na mfereji wa mbele ya shule unaziba kila mwaka, na hakuna anayenisikiliza."

Akashuka. Watu wakampigia makofi ya pole.

Akabaki Bibi. Daktari akaenda kuketi karibu naye, akamwuliza habari za mguu kwanza, na Bibi akapenda hilo, niliona. Kisha likaja swali.

"Na wewe, Bi. Skyrme? Unapendea nini hapa?"

Nikaacha skonzi. Watu wakageuka. Kila mtu alijua habari za Wolverhampton. Bibi akaiweka fimbo yake sawa juu ya magoti, akatazama dirishani, kule ambako kuna kanisa na nyuma ya kanisa kuna shamba la matofaa la Preece na nyuma yake kilima.

"Si pabaya," Bibi akasema.

Clive akaacha kumimina chai. Bi. Hester akatoa leso. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Bibi Olwen akifika mbali namna hiyo mbele ya mgeni. Preece, aliyekuwa ameingia na buti zake za tope na kusimama mlangoni, akavua kofia.

Daktari Solanki akainamisha kichwa kwa heshima, akamalizia chai. Nikaona usoni mwake kwamba shughuli imekwisha.

Barabara ya chini ya kwenda Leominster ilikuwa imefunikwa na maji, kwa hiyo nilimpitisha juu, kwenye njia ya kilimani. Kule juu tukakuta kondoo wanahamishwa. Barabara nzima ilikuwa manyoya. Nikarudi rivasi kwenye lango moja, mahali ambapo ua wa miti ulikuwa umekatwa nusu, nikazima injini tukasubiri.

"Naomba nikwambie wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyenizungusha," Daktari akasema. "Sitaichukua kazi hii. Nimeuliza kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyesema anapapenda. Siwezi kuhamia mahali ambapo hata wenyewe hawapataki."

Sasa, kilichofuata nitakieleza kwa ufupi kwa sababu kilikuwa kifupi. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba amefanya vizuri kushtuka mapema. Kwamba hapa ni tope, ni ua wa miti, ni watu wanaojua rangi ya soksi zako kabla hujaamka, na kwamba mimi mwenyewe mwezi wa tisa hamnikuti. Basi. Hatukuongea sana. Kondoo wakapita.

Lakini kondoo walipokwisha kupita, Daktari akaniomba nigeuze gari. Sijui kwa nini. Wanawake wa mjini wana mambo yao. Akasema atapanda treni ya baadaye. Nikamrudisha nyumbani kwetu, akaketi jikoni na Bibi, wakamenya viazi, wakaongea hadi taa zikawashwa. Mimi nilitumwa nikachote kuni, na kila nilipoingia walinyamaza.

Siku chache baadaye Bi. Hester alikimbia barabarani. Kwa wasiomjua, hilo ni kama kuona mnara wa kanisa ukikimbia. Daktari Solanki amepiga simu. Amekubali. Anahamia mwezi wa nne, na ameulizia nyumba yenye nafasi ya kufuga kuku.

Jioni hiyo baa ilijaa. Bibi mwenyewe alikuja, jambo ambalo hufanyika Krismasi na siku akifa mtu asiyempenda. Alipewa kiti cha karibu na dirisha na glasi ndogo ya divai tamu. Alikuwa ameshampigia simu Shangazi Denise, akamwambia kile chumba ampe mtu anayependa magari.

Halafu ukaanza ubishi: ni nini hasa kilichomgeuza Daktari?

"Jamu," Bi. Hester akasema. "Nilimwona akilamba kijiko."

"Jamu gani," Preece akasema. "Ni rivasi ile. Na trela! Kona mbili! Leicester hakuna mtu anayeweza."

"Ni baa," akasema Clive. "Alichungulia dirishani wakati anapita."

"Alikuwa anajitazama nywele," Bibi akasema.

Wakanigeukia mimi. "Ned, wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Alisema nini?"

Nikaegemea kaunta. Nilikuwa na glasi mkononi na watu wote wananisikiliza, na mtu akiwa katika hali hiyo hawezi kuwanyima.

"Mimi nilimwambia ukweli," nikasema. "Nilimwambia hapa hapafai, akimbie. Nilimpa sababu zote, nikamwongezea na zangu. Kama amekuja, amekuja kwa kiburi chake mwenyewe, msije mkanilaumu akianza kulia mwezi wa kumi na moja. Mimi nitakuwa Bristol."

"Una roho mbaya, Ned," Clive akasema, akinijazia glasi.

"Ned," ikasema sauti kutoka karibu na moto.

Alikuwa Len Bengough. Len kazi yake wakati wa baridi ni kulaza ua: anaikata miti ya ua karibu na shina bila kuiua, anailaza, anaisuka, na kiangazi kikija ua unakuwa mnene upya. Yuko peke yake mashambani siku nzima, na mdomo wake umezoea hivyo. Ukimsikia Len amesema sentensi tatu kwa siku, mwite nesi.

"Lile lango la kilimani," Len akasema. "Jumamosi ile. Nilikuwa upande wa pili wa ua."

"Upande wa pili wapi?" nikauliza. "Sikuona mtu."

"Nilikuwa nimeketi chini. Nakula mkate na jibini. Sikupenda kuwasumbua."

Baa nzima ikamgeukia. Hata mbwa wa Clive aliinua kichwa.

"Usingeweza kusikia kitu," nikasema. "Kondoo walikuwa wanapiga kelele."

"Wewe ulipiga zaidi. Na kioo kilikuwa wazi."

"Alisema nini?" Bi. Hester akauliza.

Len akanywa kwanza. Hana haraka na kitu chochote kisichoota.

"Yule daktari alisema hakuna hata mmoja anayepapenda. Ned akamwambia hilo swali halifai. Akasema ni kama kumwuliza mwanamume kama anampenda mkewe, naye mke ameketi papo hapo na wageni wamejaa. Atakwambia anakoroma. Akasema usimsikilize anavyosema, mwangalie kama amefunga mizigo."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Akasema, yule mzee wa trekta amekurudia rivasi ilhali nafasi ilikuwa kwako. Hakufanya hivyo hata kwa askofu."

"Sikufanya kweli," Preece akasema kwa sauti ya chini. "Askofu alirudi mwenyewe."

"Len," nikasema, "kunywa basi, nitakununulia nyingine."

"Ninayo. Akasema bibi yake aliposema si pabaya, pale alikuwa ameutoa moyo wake wote akauweka mezani kando ya skonzi. Na kwamba daktari asipokuja, bibi yake atapelekwa mahali pa kutazama magari, na atakufa huko kwa heshima, bila kumlalamikia mtu, na hilo ndilo litakalokuwa baya." Len akapumzika. Nadhani alikuwa ameshamaliza maneno ya mwezi mzima, lakini akaendelea. "Halafu akaeleza mwaka wa theluji. Babu yake amekufa na barabara imezibwa. Alivyokuwa mtoto yuko dirishani, akatuona tunakuja kupitia mashambani, kila mtu na koleo lake, hakuna aliyeitwa. Tulivyochimba njia kutoka kwa Olwen mpaka kanisani. Na tulipomaliza hakuna aliyetoa pole. Tulisema tu kwamba theluji ya siku hizi si kitu."

"Si kitu kweli," akasema mzee mmoja.

"Akasema siku ile ndiyo aliyojua kwamba hataweza kukaa mahali pengine popote. Hata angejaribu."

Hakuna aliyenitazama. Kwetu, mtu akivuliwa nguo, watu hutazama pembeni, na kila mtu pale alikuwa amegundua kitu cha kuvutia ndani ya glasi yake. Kasoro Clive, ambaye ni mtu wa kazi.

"Sasa na Bristol?" Clive akauliza.

"Akasema wenye duka la Bristol aliwaambia haendi," Len akasema. "Tangu Krismasi."

Nikacheka. Nikasema masikio ya Len yamejaa vumbi la miti, kwamba mtu akikaa nyuma ya ua siku nzima anaanza kusikia mambo, kwamba bila shaka alikuwa mtu mwingine, kuna vijana wengi wanaozungusha madaktari siku hizi.

"Inawezekana," Len akasema. "Basi mtu huyo alikuwa kwenye gari la bibi yako. Na wakati wa kugeuza aligonga nguzo niliyokuwa nimetoka kuisimamisha. Ni ya mwaloni. Rangi ya gari bado ipo, anayetaka akaangalie."

Kutoka kwenye kiti cha dirishani nikasikia fimbo ikigonga sakafu, mara moja.

"Ned," Bibi akasema. "Tangu Krismasi? Na mimi kila usiku niko macho, nikiwaza nani atakupikia huko?"